Meneja na Kibarua

Baba mkwe alipokuja kuishi nao, swali la kwanza alilokutana nalo mlangoni, hata begi halijashuka begani, lilikuwa kama anaogopa mijusi.

Aliyeuliza ni mwanawe, huku akijikuna kisogo. Mzee alimtazama, akautazama mlango wa chumba alichoonyeshwa, akasema, "Nimekuwa dobi wa hospitali tangu wewe hujazaliwa. Mashuka niliyoyafua mimi, ungeyaona usingekula siku mbili. Leo mjusi ndiye anitoe mbio?"

Nyuma ya mume, mke alisimama akiangalia vidole vya miguu yake. Mijusi walikuwa wake yeye.

Alikuwa fundi wa meno ya bandia, mwanamke wa makamo mwenye mkono usiotetemeka, na mtaani kila mtu alimwita Fundi tu. Kazi yake aliifanyia katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno: kumimina plasta, kuchonga nta, kupanga jino baada ya jino mpaka mtu asiyemjua aweze kucheka bila kuziba mdomo. Kijana wao wa pekee alipokwenda chuo, nyumba ilimpwaya. Ndipo siku moja daktari wa mifugo aliyekuja kliniki kuwekewa jino akamsimulia habari za mijusi anaowazalisha nyumbani kwake, mijusi wenye ndevu, walioitwa hivyo kwa sababu ya miiba laini chini ya kidevu ambayo hutuna na kuwa myeusi wakikasirika. Fundi alikwenda kuangalia tu. Alirudi na wawili ndani ya boksi la viatu, wachanga, kila mmoja akienea kwenye kiganja, mkia ukining'inia nje.

"Mmoja angekuwa mpweke," alimwambia mumewe.

Daktari alikuwa amemshauri achukue mmoja, na kama ni lazima wawe wawili, basi awaangalie sana kadiri wanavyokua. Neno la kwanza Fundi aliliacha hukohuko kwa daktari. La pili alilibeba nusu.

Mijusi wakapewa chumba cha kijana. Humo kiliwekwa kisanduku cha kioo kirefu kama kitanda cha mtoto, upande mmoja taa ya joto juu ya jiwe bapa, upande wa pili kivuli na ubaridi, na juu yake taa nyingine ndefu yenye mwanga wa kushika nafasi ya jua. Nyaya zilipigiliwa ukutani na fundi umeme. Halafu mama mkwe akafariki, mzee akabaki peke yake na sufuria zake, na mume, ambaye alikuwa dereva wa greda kwenye ujenzi wa barabara za mbali, akaomba ruhusa kazini akamleta baba yake. Fundi alisema mijusi watampisha mzee, wahamie sebuleni. Mzee akakataa.

"Waliotangulia ndio wenye chumba," alisema. "Mimi ndiye mpangaji mpya."

Kesho yake mume akarudi kwenye greda lake. Wakabaki mkwe na baba mkwe, na heshima katikati yao kama kabati zito ambalo hakuna aliyejua alishike wapi ili lisogee.

Kila asubuhi kabla ya kazi Fundi alibisha hodi, akakaribishwa, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, na hapo maneno yakaisha. Alimpa mzee mgongo akaanza shughuli. Aliwasha taa. Aliweka kisahani cha majani ya maboga na karoti, alivyovikatakata vidogo kama punje za mchele. Kisha akawatia nyenje, wadudu aliowafuga ndani ya ndoo jikoni, akichagua wale wadogo wasiozidi nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi, na kuwatikisa kwanza kwenye mfuko wenye poda ya kalsiamu mpaka wakawa weupe kama wametoka mashine ya kusaga. Mchana alikimbia nyumbani akawalisha tena, na jioni tena. Akafuta vinyesi, akawatoa nyenje waliobaki, maana mdudu mwenye njaa humng'ata mjusi aliyelala. Akaaga. Akatoka.

Muda wote huo mzee alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, mikono juu ya magoti, mdomo umebonyea ndani. Meno yake ya bandia alikuwa hayavai. Tangu amzike mkewe aliyaacha ndani ya kikombe, naye akawa mtu wa uji. Fundi aliyaona kila siku. Kwa kuyatupia jicho tu alijua kwamba aliyeyatengeneza alikuwa na haraka, upande wa kushoto umekaa juu na lazima ukate ufizi. Lakini utaanzaje kumwambia baba mkwe akupanulie mdomo?

"Mpe muda," mumewe alisema kwenye simu. Akampa.

Jioni moja, akiwa mlangoni na kisahani mkononi, alisikia mzee anazungumza. "Ondoka hapo wewe, mwenzio naye aote moto. Hebu ondoka." Fundi alidhani yuko kwenye simu, akasubiri kidogo ndipo akabisha. Mzee alinyamaza kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari. Simu haikuwepo.

"Yule mdogo," akasema, akielekeza kidevu kwenye kioo, "ananipungia mkono."

Ni kweli. Mjusi mdogo alikuwa ameinua mguu wa mbele akiuzungusha taratibu hewani, kama abiria anayeaga.

"Wakiwa wadogo ndivyo walivyo, baba. Hupunga."

"Na mimi nimempungia. Mtu akikusalimia huwezi kumwacha hivihivi." Akatafakari. "Yule mkubwa nimempa jina la Meneja. Kutwa yuko juu ya jiwe, kazi hafanyi, anatikisa kichwa tu. Huyu mwingine ni Kibarua."

Fundi alicheka mpaka karoti zikamwagika. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuambiwa na mzee yule tangu aolewe, na alimpigia mumewe kumsimulia kana kwamba kijana wao amefaulu mtihani.

Siku chache baadaye aliwakuta mijusi wamelala chini ya taa, Meneja juu ya mgongo wa Kibarua, kidevu chake kimetulia juu ya kichwa cha mwenzake. Aliwapiga picha akamtumia mumewe: ona wanavyopendana. Akamwonyesha na mzee. Mzee aliishika simu, akaiweka mbali na macho, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Mh," akasema, akairudisha.

Ile "mh" Fundi aliichukulia kuwa ya uzee tu.

Meneja alinenepa, akarefuka, akajivua ngozi akawa wa rangi ya mchanga wenye machungwa. Kibarua alibaki vilevile. Fundi alimwongezea nyenje, akapunguza ukubwa wa majani, akabadilisha taa ndefu akidhani imechoka. Alimpima kwenye mizani ndogo ya kazini ya kupimia unga wa plasta, na kila akimpima mshale ulirudi palepale. Alijiambia kwamba hata watoto wa tumbo moja hawalingani.

Kisha akarudi nyumbani mchana mmoja akamkuta mzee amesimama kando ya kisanduku, mfuniko uko wazi. Viganjani alikuwa na leso, ndani ya leso Kibarua, na kwenye leso doa la damu. Kidole kimoja cha mguu wa nyuma kilikuwa hakipo.

"Meneja amemng'ata," mzee alisema.

Fundi alimpokea. "Labda ni nyenje. Labda asubuhi niliacha nyenje humu nikasahau."

"Siyo nyenje. Nimekwambia ni Meneja, nimemwona kwa macho yangu. Na kumkimbiza hakuanza leo."

Ilimchukua Fundi muda kidogo kulielewa lile neno la mwisho. Alipolielewa aligeuka akamtazama mzee usoni, jambo ambalo si kawaida yake.

"Baba, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naona."

"Tangu lini?"

"Tangu nifike." Mzee alikaa kitini taratibu. "Ule mkono, mwanzo nilidhani ananisalimia mimi. Baadaye nikagundua hapungi ila Meneja akitikisa kichwa. Hasalimii, mama. Anaomba asipigwe. Na ile picha yako ya wanaopendana, aliye juu ndiye anayekula joto lote. Wa chini yake anapata kivuli. Nyenje ukiwamwaga, Meneja anasimama katikati, Kibarua anaokota wanaokimbilia pembeni. Wewe ukishafunga mlango, mimi ndio nakaa nikiangalia."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia. Aliisikia ikigonga kioo, akatamani kuirudisha. Mzee hakukunja uso.

"Unaingia humu mara tatu kwa siku," alisema. "Hodi, shikamoo, unanipa mgongo, unawahudumia wenzangu, unatoka. Sikulaumu. Ungefanya vingine mimi mwenyewe ningekushangaa. Lakini hujaniuliza hata mara moja leo nimeona nini. Kule kwangu nilikuwa na mtu wa kumwambia ninachokiona. Jirani kasahau nguo kwenye kamba na mvua inakuja. Mwenye duka kanyoa ndevu. Upuuzi tu, lakini alikuwa anausikiliza. Nilipofika hapa nikasema, nikianza kutaja kila ninachokiona nitaitwa mzee wa maneno mengi. Nikafunga mdomo. Haya, nimeufunga mpaka mtoto wa watu amekatwa kidole."

Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Tangu chumba kile kiwe cha mzee hakuwahi kukaa humo. Jicho lake, ambalo lingeona jino limepinda kwa unene wa unywele, lilikuwa limewatazama wale wanyama kila siku na kuona lilichotaka kuona. Na mtu aliyekuwa akiona hasa alikuwa nyuma yake, hatua mbili, kwenye kiti. Alipotaka kuomba radhi hakujua aanze na nani.

Daktari wa mifugo alimwambia kwenye simu aoshe jeraha kwa maji ya uvuguvugu, atie dawa, na awatenganishe leo, siyo kesho. Kila mmoja awe na sanduku lake, taa yake, chakula chake, na wasionane. "Nilikwambia uwaangalie," aliongeza, bila ukali. Fundi alipiga simu kliniki kuomba ruhusa ya mchana ule, akamtafuta fundi umeme, akanunua beseni kubwa la plastiki la kuanzia. Alipouliza nani ahamie sebuleni, mzee hakusita.

"Meneja mpeleke akafungue ofisi yake huko. Kibarua abaki na mimi."

Kuanzia hapo Fundi akiingia alikaa. Mwanzoni alikaa kwa kujilazimisha, mgongo umenyooka kama yuko kwenye usaili wa kazi, akauliza, "Leo umeona nini, baba?" na mzee akamwambia. Ameona Kibarua akifumba jicho moja moja. Ameona akipanda tawi kwa mara ya kwanza akaanguka kama gunia, kisha akajifanya hakuanguka. Alimlisha mwenyewe kwa koleo ndogo ambayo Fundi aliileta kutoka kazini, mdudu mmoja mmoja, akimngoja ageuze kichwa, aelewe, ajipe moyo, arushe ulimi. Haraka hakuwa nayo. Siku za kumwogesha, mzee alijaribu maji kwa kiwiko, akamshika kidevu kisizame, na wakati mjusi akielea na macho yamelegea, yeye alisimulia mashine za kufulia za zamani, mvuke, na jinsi manesi walivyokuwa wakisahau mikasi kwenye mashuka.

Mshale wa mizani ukaanza kusogea. Rangi ya Kibarua ikafunguka, na mkono akawa hapungi tena.

Jioni moja mzee alimtazama akitafuna, akasema kama anayejisemea, "Hata huyu mwenye upungufu wa kidole ananishinda kutafuna." Kisha, bila kumtazama Fundi: "Yananikata huku. Kushoto."

Fundi alijikaza kisabuni asionyeshe furaha. "Naweza kuyaangalia, baba?"

Kesho yake alimkalisha kwenye meza ya chakula, taulo shingoni, akamtia mdomoni kibati chenye dawa ya waridi ya kuchukulia umbo la fizi. Ndipo simu ya mumewe ikaita, naye akataka kumsalimia baba.

"Baba hawezi kuongea," Fundi alisema. "Nimemziba mdomo."

"Umemfanya nini?" mumewe akauliza, na mzee alitikisika mabega kwa kicheko mpaka ikabidi waanze upya. Meno mapya yalipokuwa tayari alikula mkate na ganda lake, polepole, akiutazama baada ya kila tonge kana kwamba ni mtu aliyepotezana naye.

Hivyo ndivyo walivyokuwa Jumapili ile wifi alipoingia bila taarifa. Alikuwa binti mkubwa wa mzee, mwalimu wa chekechea, mwanamke mwenye sauti ya kuzoea kutuliza makelele. Alimkuta baba yake amejinyoosha kitini, vifungo vya shati viko wazi, na kifuani pake mjusi mwenye miiba amejitandaza kama nishani.

Alisimama mlangoni. Hakupaza sauti. "Ndivyo mnavyomweka baba yangu?"

Fundi, aliyekuwa anakuja nyuma na trei ya chai, alipigwa na butwaa.

"Kaa kwanza," mzee alisema.

Wifi alikaa mwisho kabisa wa kitanda, mkoba kifuani. Alipofungua mdomo tena, ile sauti ya darasani haikuwepo. "Nilikuandalia chumba. Nilinunua godoro jipya. Ukasema hapana, unakwenda kwa kaka. Nikameza, nikasema labda kwao kuna utulivu. Kumbe mimi ulinikataa, mijusi ukawakubali."

Mzee alimshika Kibarua kwa mikono miwili akamweka juu ya jiwe lake, kisha akafunga vifungo vya shati, kimoja kimoja.

"Sikukukataa," alisema. "Umefanana na mama yako mpaka unavyovuta kiti. Msiba ulikuwa bado mbichi. Ningekutazama nikalia, ungeniona nalia ukalia, tungekaa wawili tunalia, chai akatupikie nani? Huyu mkwe wangu adabu haimruhusu kunililia. Hapa nilipata pa kunyamazia."

Wifi alifungua mkoba, akatafuta kitambaa, hakukipata, akajifuta kwa ncha ya mtandio.

"Na sasa?" akauliza.

Mzee alimtazama binti yake kweli, kuanzia paji la uso mpaka kidevu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

"Sasa nakutazama," alisema. "Unaona."

Fundi alielewa kabla hawajasema. Mzee angehamia kwa binti yake. Kitu kilimkata ndani, naye alishangaa kilivyo kikali. Miezi michache nyuma alikuwa akihesabu kuishi na mkwe kuwa mtihani wa kuvumilia. Sasa alitaka kusema abaki, kwamba nani atamwambia jirani kafanya nini, lakini baba hakuwa wake, na aliyekaa ukingoni mwa kitanda alikuwa amengoja zaidi yake.

"Chai itapoa, wifi," akasema.

Mzee aliweka sharti moja tu. Bila Kibarua haendi. Wifi alimtazama mjusi, mjusi akamtazama wifi, ulimi ukatoka ukarudi.

"Anakula nini?"

"Majani," Fundi alisema. "Na wadudu."

"Wazima?"

"Wakiwa wamekufa hata hawatazami."

Wifi alifumba macho kwa muda. Alipoyafumbua alisema, "Nionyeshe." Na Fundi akampeleka jikoni kwenye ndoo ya nyenje, akamwonyesha mfuko wa poda na namna ya kuutikisa, na wifi akaushika kwa ncha za vidole viwili, uso ameugeuzia ukutani, akautikisa.

Mume alikuja na gari la kuazima mwisho wa mwezi, wakapakia begi, sanduku jipya la kioo, taa mbili na ndoo ndogo ya nyenje wa kuanzia. Mzee aliketi mbele, Kibarua ndani ya boksi mapajani, kitambaa juu ili asishtuke. Alimwambia Fundi kupitia dirishani, "Meneja usimwonee. Kosa halikuwa lake. Alipewa mwenzake kwenye nafasi ya mtu mmoja." Gari likaondoka.

Nyumba ikapwaya tena, ingawa safari hii Fundi hakukimbilia kuijaza. Aliporudi mchana alikaa sebuleni akamtazama Meneja akila, bila kazi nyingine mkononi. Mzee alipiga simu mara kwa mara, na mazungumzo yake yalikuwa mafupi na ya kuridhisha: Kibarua kapanda pazia, wajukuu wanamgombea, dirisha lao linaona barabara.

Kisha alasiri moja, Fundi akiwa kazini na kisu cha nta mkononi, simu iliita, na aliyepiga ni wifi. Sauti alikuwa ameipunguza.

"Huyu mnyama wako amebadilika. Amekuwa wa kijivu, hataki kula, ngozi inamtoka kama karatasi. Baba kaenda kwa kinyozi. Naogopa atarudi akute amenifia."

"Anajivua, wifi. Wanaokua hujivua mara nyingi. Usimbandue, ataumia. Mpulizie maji ya uvuguvugu, basi, mwache."

"Nimpulizie wapi, na niko naye hapa?"

"Hapa wapi?"

"Mapajani," wifi alisema. "Nimeweka taulo." Kisha akasema, "Mama angenicheka."

Mbele ya Fundi kulikuwa na safu ya meno ya mtu, nusu imepangwa, na bakuli la plasta aliyotoka kuikoroga. Aliweka kisu chini.

"Angesemaje?" akauliza.

Wifi akaanza kumweleza. Alisimulia jinsi mama alivyokuwa akiogopa hata kipepeo, halafu akaingia habari za nyumba yao ya zamani, za sabuni ambayo baba alikuja nayo kwenye nguo kila jioni, za kiti ambacho mama alikivuta kwa mguu mmoja badala ya kukinyanyua. Fundi hakumkatiza. Plasta kwenye bakuli ilianza kuganda pembeni, akaiona, akaiacha igande.